Baridi Isiyo na Mota

Stima zilipotea saa tatu na robo, usiku wa Ijumaa.
Panka likazunguka mara tatu za uvivu, likakata tamaa.
Mwezi wa tatu Kibokoni: hata kuta hutoka jasho,
na mto nimeugeuza hadi umechoka kugeuzwa.
Twalib amekaa kizingitini, shati begani,
mikono yanuka gesi ya friji.

Miaka ishirini na sita anawatengenezea watu baridi:
samaki wa Liwatoni, barafu za maduka ya Bondeni,
chanjo za watoto, sharubati za harusi.
Yake mwenyewe hana.
Mfinyanzi hulia gaeni, nikamwambia.
Hakucheka.

Simu ikalia. Mwakio, dereva wa lori,
ameshusha kabichi Kongowea, anarudi Wundanyi mtupu;
alitaka kushukuru tu, friji la mkewe limepona.
Twalib akanyamaza kama atafutaye waya uliokatika.
"Mwanakombo, chukua nguo mbili."
"Kwenda wapi saa hizi?"
"Kutembea."

Kutembea! Mtu ambaye Nyali kwenyewe
huenda akiitwa na jokofu.
Nikachukua leso, buibui la pili,
na sweta la shule la Nasra, aliyesomea bara,
lingali na nembo kifuani na harufu ya naftalini.

Baada ya Mwatate njia ikaanza kujikunja
kama mtu aliyeshikwa na tumbo.
Masikio yakaziba. "Mezeni mate," akasema Mwakio.
Tukameza. Tukapanda. Kukapambazuka
na dunia haipo: ukungu mtupu,
na ndani ya ukungu, jogoo.

Twalib akashuka, akafungua kinywa kusalimu,
moshi ukatoka.
Akafunga. Akafungua tena.
Mwanamume wa miaka hamsini na minne
amesimama kando ya barabara, anapuliza, anatazama,
anapuliza.
Kisha akaweka kiganja ukutani, akatega sikio.
"Haina mota," akaniambia kwa sauti ya chini,
kama tuliyeingia nyumba ya watu bila hodi.
"Na bili anatumiwa nani?"

Tuliona maji yakishuka mferejini peke yake,
hakuna foleni, hakuna mikokoteni ya madumu.
Tuliona maharagwe yamepanda mlima ngazi kwa ngazi.
Vuria tulipanda kwa pikipiki, na juu kabisa
Twalib akaitafuta Mombasa kwa kidole:
"Ile pale."
Palikuwa na weupe tu, kama mvuke wa sufuria.
Nikasema naiona.

Wakesho wa kibanda cha chai alitucheka,
mimi na leso mbili kichwani, mume wangu na nembo ya shule.
"Watu wa pwani mwaja kutalii baridi?
Sisi ndiyo inayotukohoza."
Akatuongezea tangawizi, hakuihesabu.

Usiku, mablanketi matatu mazito kama deni.
Kwetu joto hututenga: huku yeye, huku mimi,
katikati mpaka wa jasho.
Miguu yake ilikuwa barafu.
Nikaiacha ikae juu ya yangu.
Hilo pia niliweke katika vivutio.

Jumapili, Mariakani, joto likatupokea
kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Mlangoni, mjukuu wetu Fumo: "Mmeniletea nini?"
Kabichi moja tu. Akanuna.
Twalib akaliweka mapajani, akalibambua,
jani baada ya jani, taratibu,
vile afunguavyo mashine asiyoijua,
hadi moyo wake mweupe,
akauweka kwenye paji la mtoto.
Fumo akafumba macho. Akanyamaza.

Simu ikalia: friji limekufa Liwatoni, samaki tani mbili.
Akabeba mfuko wa zana, akatoka,
jua la saa saba limesimama wima barabarani,
sweta la Nasra lingali shingoni mwake.
Sikumwita.